Ukoko wa jungu kuu: Seli za jicho zinaposhindwa kujisafisha

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya maradhi ya macho. Lenzi ya jicho inapoingia ukungu, twasema mtu ana mtoto wa jicho. Kope zinapojikunja kwa ndani na kulikwaruza jicho, wengi watakuambia huo ni ugonjwa wa vikope, nao waliosoma zaidi watauita trakoma. Shinikizo linapozidi ndani ya jicho, watu husema presha ya macho. Hata hivyo, kuna maradhi yanayoshambulia sehemu ya nyuma kabisa ya jicho, na hayo hatujayapa jina. Mzee akilalamika kwamba akimtazama mjukuu wake anaona masikio na nywele lakini uso wenyewe umekuwa doa, jibu huwa tayari mdomoni: "Ni uzee tu huo, babu."

Makala haya yanashikilia kwamba neno hilo 'uzee' linaficha zaidi ya linavyofichua. Kinachozeeka katika jicho la babu si kitu cha jumla jumla. Kuna kazi mahususi iliyokuwa ikifanyika usiku na mchana tangu azaliwe, kazi ya kuzoa na kuchakata taka, na sasa kazi hiyo imerudi nyuma. Tukiielewa kazi yenyewe, tutaelewa pia ni nani aliye hatarini, ni dawa gani zinazohitaji tahadhari, na kwa nini baadhi ya wagonjwa hupaswa kufikishwa kwa daktari kwa dharura badala ya kuambiwa wazoee.

Retina ni nini?

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mboni ni kile kitundu cheusi kinachopitisha mwanga. Retina ni tabaka jembamba lililotandazwa kwenye ukuta wa ndani wa jicho, upande wa nyuma, na ndilo linaloupokea mwanga huo na kuugeuza kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kamusi nyingi hulitumia neno hilo hilo, retina, nami sioni sababu ya kulikimbia.

Ndani ya retina mna seli za aina mbili zinazonasa mwanga. Zipo zenye umbo la fimbo, ambazo idadi yake inazidi milioni 90 katika kila jicho. Hizi hutuwezesha kuona gizani. Zipo pia zenye umbo la pia, ile pia ya somo la hesabu. Hizi ni chache zaidi, baina ya milioni 4 na 6, nazo hutuwezesha kuona rangi na mambo madogo madogo kama vile maandishi ya gazeti hili. Seli za umbo la pia zimesongamana sana katikati ya retina, mahali padogo penye upana wa milimita 5 hivi paitwapo makula. Msomaji anapoyasoma maneno haya, ni makula yake inayofanya kazi. Sehemu nyingine zote za retina zinamwonyesha tu kwamba kuna meza, kuna dirisha, kuna mtu anapita.

Nyuma ya fimbo na pia kuna safu moja ya seli zenye chembe nyingi za rangi nyeusi. Madaktari huiita safu hiyo tabaka la rangi la retina. Katika makala haya nitaziita seli zake 'seli za huduma', kwa sababu ndizo zinazozilisha fimbo na pia, kuzichujia damu na, lililo muhimu kwetu leo, kuzizolea taka. Seli moja ya huduma hutunza takribani fimbo na pia 30. Kwa kawaida seli hizo hazigawanyiki baada ya mtu kukua. Kwa hivyo, inayokufa haina mrithi. Jirani zake hujinyoosha tu ili kuziba pengo.

Taka zatoka wapi?

Huenda msomaji akauliza: jicho limefungwa pande zote, taka zaingilia wapi? Haziingii. Zinazalishwa humo humo. Retina ni miongoni mwa tishu zinazotumia oksijeni kwa wingi mno mwilini. Humo mna mafuta mengi, na siku nzima mwanga unapigwa juu yake. Oksijeni, mafuta na mwanga vikikutana, uharibifu haukosi. Atakayeacha chupa ya mafuta ya kupikia wazi kwenye jua kwa wiki kadhaa ataona yanavyochacha.

Maumbile yameyajibu mashaka hayo kwa ubadilishaji wa kila siku. Ncha ya kila fimbo imejaa visahani vyembamba vilivyopangwa mithili ya sahani kabatini, na ni katika visahani hivyo ambamo mwanga hunaswa. Mnamo 1967, mtafiti wa Marekani, Richard Young, alionyesha kwamba visahani hivi havidumu. Vipya hutengenezwa upande wa chini na kuvisukuma vikuukuu kuelekea nchani. Miaka miwili baadaye, akishirikiana na Dean Bok, alionyesha vikuukuu huishia wapi: huanguka na kumezwa na seli za huduma. Ncha nzima hubadilishwa katika muda wa siku 10 hivi. Hivi ni kusema kwamba kila siku sehemu moja kwa kumi ya ncha hukatika na kuliwa, na kwa upande wa fimbo shughuli hiyo hupamba moto asubuhi, mara tu mwanga unapoingia.

Hebu tupige hesabu. Mtu wa umri wa miaka 70 ameishi zaidi ya siku 25,000. Katika kila mojawapo ya siku hizo, seli moja ya huduma imepokea mabaki ya fimbo na pia 30, na haijawahi kupumzika wala kubadilishwa zamu. Hakuna seli nyingine mwilini inayokula mabaki mengi kiasi hicho katika maisha yake.

Kujila au kujisafisha?

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Seli ya huduma ina kazi mbili za usafi, nazo si moja. Ya kwanza ni hiyo ya kumeza mabaki ya jirani. Ya pili ni kushughulikia uchakavu wake yenyewe: protini zilizojikunja vibaya, mafuta yaliyochacha, na vile viwanda vidogo vya nishati vilivyochoka. Kazi hii ya pili wanasayansi huiita otofagia. Neno lenyewe lilitolewa mnamo 1963 na Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya 'mwenyewe' na 'kula'.

Tukitafsiri neno kwa neno tutapata 'kujila'. Naam, sarufi inakubali, ila maana inapotoka. Mswahili akisikia kwamba seli inajila, atadhani ni maradhi, kana kwamba seli inajitafuna hadi kuisha. Kumbe ni kinyume! Kwa upande mwingine, tukisema 'kujisafisha', tunapata usafi lakini tunapoteza jambo moja la msingi: taka hizi hazitupwi. Zinavunjwavunjwa na vipande vyake kutumika upya. Aliyewahi kupita Kamukunji jijini Nairobi amewaona mafundi wa jua kali wakigonga mabati na mapipa makuukuu na kuyageuza kuwa jiko, sanduku au karai. Seli nayo ni karakana ya namna hiyo. Nitalitumia neno 'kujisafisha' kwa kuwa linaeleweka upesi, lakini tukumbuke daima kwamba ni usafi wa fundi, si wa lori la taka.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Utando mwembamba hujitokeza ndani ya seli na kuizunguka taka hadi kuifunga kabisa, mithili ya mfuko. Mfuko huo husafiri na kuungana na kifuko kingine kiitwacho laisosomu, ambacho de Duve alikuwa amekwisha kukieleza tangu 1955. Laisosomu imejaa asidi na vimeng'enya vya kumeng'enya karibu kila kitu. Taka huvunjwa humo, na malighafi hurudishwa katika matumizi ya seli.

Kwa miaka mingi jambo hili lilijulikana kwa kuonekana tu. Haikujulikana ni jeni zipi zinazoliendesha. Aliyelifumbua fumbo hilo ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, naye alitumia kitu kisichotarajiwa: hamira, ile ile ya kuumulia maandazi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 aliinyima hamira chakula, akaona kwa darubini vifuko vikijazana ndani ya seli kwa muda wa saa chache. Baadaye alizitambua jeni zinazohusika, na mnamo 2016 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Jeni za aina hiyo zipo pia katika binadamu, na zinafanya kazi katika jicho.

Fauka ya hayo, utafiti uliochapishwa mnamo 2013 ulibainisha kwamba kazi mbili za usafi nilizozitaja zinaazimana vifaa. Baadhi ya protini za kujisafisha hutumika pia katika kumeng'enya ncha za fimbo zilizomezwa. Panya waliopungukiwa na mojawapo ya protini hizo katika seli za huduma walishindwa kumeng'enya ncha hizo ipasavyo, na uwezo wao wa kuona ukapungua. Ilidhihirika kwamba usafi huo husaidia pia kurejesha ile vitamini A ambayo fimbo na pia huihitaji ili kunasa mwanga tena.

Ukoko unapobaki

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Walikuwa wakisifu hekima ya wazee, lakini methali yenyewe ilitoka jikoni, na jikoni ndiko tunakoirudisha leo. Chungu kilichopika kwa miaka mingi, hata kikisuguliwa vipi, hubaki na masizi na ukoko usiobanduka. Seli za huduma ni vyungu vya namna hiyo.

Si kila taka inayovunjika. Mabaki fulani ya vitamini A na mafuta huungana na kuwa kitu kigumu ambacho vimeng'enya haviwezi kukipasua. Kitu hicho huitwa lipofusini. Huanza kujikusanya tangu utotoni, na kufikia uzeeni huwa kimechukua nafasi kubwa ndani ya seli. Baya zaidi ni kwamba kinapokaa ndani ya laisosomu huidhoofisha, na kikipigwa na mwanga huzalisha kemikali zinazodhuru. Kwa maneno mengine, taka zinazobaki leo huifanya kazi ya kesho kuwa nzito zaidi.

Chini ya seli za huduma kuna kiwambo kinachozitenganisha na mishipa ya damu. Kwa watu wengi wenye umri mkubwa, vibonge vya manjano vya mafuta na protini hujilimbikiza juu ya kiwambo hicho. Madaktari huviita druseni, na wanapomulika jicho huviona kama madoadoa ya manjano. Vikiwa vichache na vidogo, havina neno. Vikiwa vingi na vikubwa, ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa kuchakaa kwa makula unaoandamana na umri.

Ugonjwa huo una sura mbili. Sura kavu huenda polepole: seli za huduma hufa moja baada ya nyingine, na fimbo na pia zilizozitegemea hufuata. Sura ya majimaji huja haraka: mishipa mipya na dhaifu ya damu huota mahali isipostahili kuwa, huvuja, na inaweza kuharibu uoni wa katikati kwa muda wa wiki au miezi. Katika sura zote mbili mgonjwa kwa kawaida habaki gizani kabisa. Hupoteza katikati na kubaki na kando. Anaweza kutembea uani asijikwae, ila hawezi kusoma ujumbe kwenye simu wala kutambua noti mkononi.

Je, kushindwa kwa usafi ndicho chanzo pekee? La hasha. Mnamo 2005, tafiti kadhaa ziliunganisha ugonjwa huu na jeni moja ya mfumo wa kinga. Uvutaji wa sigara nao huongeza hatari maradufu au zaidi. Hata hivyo, katika macho yaliyotolewa na wagonjwa baada ya kufa, na katika seli zilizokuzwa maabara, wanasayansi wameona dalili za kazi ya kujisafisha kudorora. Hoja inayopata nguvu ni kwamba jeni, moshi na umri huongeza taka au hupunguza uwezo wa kuzizoa, na mizani hiyo ikiinamia upande mmoja kwa miaka mingi, seli hushindwa kustahimili.

Ushahidi kutoka kwa panya na watoto

Msomaji makini atasema: wazee wana mengi yanayozorota, mbona tuisingizie taka? Ni swali zuri. Jibu linapatikana kwa wale ambao umri hauwezi kulaumiwa.

Wapo panya wa maabara wanaojulikana tangu miaka ya 1930, ambao huzaliwa wakiona na kisha kupofuka wangali wachanga. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba fimbo zao ndizo zenye kasoro. Uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba fimbo zilikuwa nzima. Mwenye kasoro alikuwa mhudumu. Seli zao za huduma hazikuweza kumeza ncha zilizoanguka. Mabaki yakarundikana baina ya tabaka mbili, nazo fimbo zikafa. Mnamo 2000 jeni yenye hitilafu ilitambuliwa, na katika mwaka huo huo hitilafu za jeni hiyo hiyo zikapatikana katika binadamu wenye retinitisi pigmentosa, maradhi ya kurithi ambayo huanza kwa kutoona usiku.

Kisha kuna ugonjwa wa Stargardt, unaowapata watoto na vijana. Jeni yake ilitambuliwa mnamo 1997. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoondoa mabaki ya vitamini A kwenye visahani vya fimbo na pia. Ikiharibika, lipofusini hurundikana ndani ya seli za huduma kwa kasi, na mtoto wa shule hupoteza uoni wa katikati kama ajuza wa miaka 80. Umri ni mdogo, ukoko ni ule ule.

Vidonge tunavyovijua

Ushahidi mwingine uko karibu nasi zaidi. Wasomaji waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 wanavikumbuka vidonge vya klorokwini: vichungu kama shubiri, na wengi wakiisha kuvimeza walijikuna mwili mzima usiku kucha. Vilikuwa ndivyo dawa ya malaria nchini Kenya hadi vimelea vilipovizoea, na serikali ikabadilisha dawa mnamo 1998.

Watafiti wanapotaka kuzuia seli isijisafishe ili waone kitakachotokea, dawa mojawapo wanayoimwaga juu yake ni hiyo hiyo klorokwini. Huingia ndani ya laisosomu, hupunguza makali ya asidi, na mifuko ya taka hubaki bila kumeng'enywa. Aidha, dawa hii hushikamana na chembe nyeusi za rangi, na tumeona kwamba seli za huduma zimejaa chembe hizo. Ndiyo maana haishangazi kwamba aliyeitumia kwa wingi na kwa miaka mingi anaweza kupata jeraha la duara kuizunguka makula.

Nisieleweke vibaya. Waliomeza vidonge vya siku tatu kwa ajili ya homa ya malaria hawana la kuhofia. Wanaohusika ni wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi wanaomeza haidroksiklorokwini, binamu yake klorokwini, kila siku kwa miaka mingi. Kwao dawa hii ni mkombozi, na asiwepo wa kuiacha kwa sababu ya makala ya gazeti. Wanachotakiwa kufanya ni kuhakikisha mambo mawili. La kwanza ni kipimo: madaktari wa macho hushauri kisizidi miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo moja ya uzito wa mgonjwa. La pili ni uchunguzi wa macho mwanzoni mwa matibabu, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kwa mwenye matatizo ya figo. Kwa wanaozingatia kipimo hicho, hatari haifiki asilimia 2 katika miaka 10 ya kwanza, lakini hukaribia asilimia 20 baada ya miaka 20. Jeraha likishatokea halirudi nyuma. Likigunduliwa mapema, linaweza kuzuiwa lisienee.

Zaidi si bora siku zote

Tangu Ohsumi atuzwe, mitandao imejaa watu wanaodai kwamba kufunga kula kwa saa kadhaa 'husafisha seli' na kurejesha uoni. Sokoni nako kuna wanaouza chupa za matone ati ya kusafisha macho kutoka ndani. Hebu tutenganishe chuya na mchele.

Ni kweli kwamba njaa huamsha kazi ya kujisafisha; hamira ya Ohsumi ilithibitisha. Lakini hamira si jicho la nyanya. Hakuna jaribio la kitabibu lililothibitisha kwamba kufunga huzuia au hutibu ugonjwa wa makula, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akijinyima chakula bila ushauri anaweza kuzirai. Ama matone ya sokoni, hayo yanalowesha sehemu ya mbele ya jicho tu. Karakana iko nyuma.

Isitoshe, kuongeza kasi ya kujisafisha kunaweza kudhuru. Kuna hitilafu moja ya jeni, iliyotambuliwa mnamo 1990, inayofanya protini kuu ya fimbo ijikunje vibaya. Seli hujaribu kuila protini hiyo bila kikomo. Katika panya wenye hitilafu hiyo, watafiti wa Marekani walionyesha mnamo 2018 kwamba ulaji huo uliopita kiasi ulichangia kuziua fimbo, na kuupunguza kulizisaidia kuishi muda mrefu zaidi. Kwa hivyo, atakayegundua dawa ya kusukuma usafi atalazimika kwanza kujua ni ugonjwa gani, ni seli ipi na ni hatua gani.

Tufanye nini basi?

Tuanze na linalowezekana leo. Kuacha sigara ndiyo hatua yenye uzito zaidi iliyo mikononi mwa mtu mwenyewe. Kwa wale ambao daktari amewaona na druseni kubwa au ambao jicho moja limekwisha kuathirika, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mnamo 2001 lilionyesha kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini na madini ulipunguza kwa takribani robo hatari ya ugonjwa kufikia hatua kali katika miaka 5. Mchanganyiko huo uliboreshwa mnamo 2013 kwa kuondoa beta-karotini, ambayo huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Tembe hizo hazijaonyesha manufaa kwa mtu ambaye macho yake ni mazima.

Sura ya majimaji ina tiba: sindano zinazodungwa ndani ya jicho kuzuia mishipa hiyo isivuje, mara nyingi zikirudiwa kila mwezi mwanzoni. Sindano hizi hulinda kilichobaki; haziwezi kufufua seli zilizokufa. Ndipo nikasema kwamba kuna wagonjwa wasiostahili kuambiwa wangoje. Kwa sura kavu iliyokomaa, dawa mbili za sindano ziliidhinishwa Marekani mnamo 2023, nazo hupunguza tu mwendo wa uharibifu.

Tusidhani pia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa Nakuru kati ya 2007 na 2008, ukihusisha watu zaidi ya 4,000 wa umri wa miaka 50 na kuendelea, ulipata dalili za mapema za ugonjwa wa makula kwa takribani mtu mmoja kati ya kila 9, na hatua kali kwa zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila 100. Kadiri Wakenya wanavyozidi kuishi miaka mingi, ndivyo idadi hiyo itakavyoongezeka.

Mwisho turejee kwenye lugha, kwa maana hapa ndipo kila mmoja wetu ana la kuchangia. Mzee anaposema "sioni vizuri," hajasema kitu ambacho daktari, au hata mjukuu, anaweza kukitumia. Tumuulize maswali matatu. Je, ukungu umetanda kote, au doa liko katikati tu? Ukungu wa kote mara nyingi ni mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji. Doa la katikati laelekeza kwenye makula. Je, mistari imenyooka? Mpe karatasi ya daftari la hesabu lenye vijisanduku, tia nukta katikati, avae miwani yake ya kusomea na kuitazama nukta hiyo kwa jicho moja baada ya jingine. Asitumie yote mawili kwa pamoja, kwani jicho zima huficha makosa ya mwenzake. Mistari ikipinda au vijisanduku vikitoweka, hilo si jambo la kungoja mwisho wa mwezi. La tatu: yalianza lini? Akijibu "tangu juzi" au "wiki iliyopita", atafutiwe daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye karatasi na kupelekwa hospitalini pamoja na mgonjwa. Neno 'uzee' lisiwemo katika karatasi hiyo. Daktari ataiona tarehe ya kuzaliwa.